Kurekebisha kabureta ya pikipiki ya cc 125 na 150: mwongozo kamili

Pikipiki ikianza kuzima kwenye foleni, kula mafuta kuliko kawaida au kukohoa ikivutwa, mkono wa dereva hukimbilia kabureta. Anazungusha skrubu hii, anazungusha na ile, na baada ya dakika mbili hakumbuki tena kila moja ilikuwa wapi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kuepuka hali hiyo. Unahusu pikipiki ya kawaida ambayo haijabadilishwa kitu: ekzosi ya kiwandani, boksi la hewa la kiwandani, injini haijachongwa. Pikipiki ya namna hiyo ilitoka kiwandani na jeti zinazoifaa, yaani vile vipande vya shaba vyenye kitundu cha kupimia mafuta. Kazi yako kubwa ni kuirudisha pale ilipokuwa, halafu kuinyoosha kidogo kulingana na mahali unapoiendesha.

Mfano wangu ni injini ya aina ya CG, ile ambayo Honda waliitoa kwenye CG125 mwaka 1976 na viwanda vya China vikainakili mpaka leo. Nyingi ya pikipiki za Kichina zilizojaa vijiweni kwetu, SanLG, Fekon, T-Better, Kinglion na wenzake, zina mzizi huo. Tazama herufi zilizogongwa kwenye injini: 156FMI ni ya cc 125, 162FMJ ni ya cc 150. Kabureta zake kwa kawaida ni PZ26 na PZ27. Boxer na TVS zina kabureta za sura nyingine, ila ukishaelewa hii utazitambua sehemu zilezile humo.

Kila njia ya mafuta na zamu yake

Ndani ya kabureta kuna njia tatu za mafuta. Usipojua ipi inafanya kazi wakati gani, utakuwa unabahatisha.

Ya kwanza ni njia ya sailensi: jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Hii inalisha injini ikiwa inanguruma bila kuvutwa, na inaendelea hadi unapofungua akseleta kama robo. Ya pili ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi, yaani ile pistoni ndogo inayonyanyuliwa na waya wa akseleta. Sindano inatawala kuanzia robo hadi robo tatu. Kuanzia robo tatu hadi mwisho wa mkono wa akseleta, ni jeti kubwa. Zamu hizi zinapishana kidogo kwenye mipaka, lakini kama ugonjwa una zamu yake, basi una jeti yake.

Kwa hiyo anayebadilisha jeti kubwa ili pikipiki ipunguze ulaji wa mafuta mjini anapoteza hela. Kwenye foleni ya Buguruni hakuna anayefungua akseleta mpaka robo tatu. Mafuta yanayoliwa pale yanapita kwenye jeti ndogo na kwenye sindano.

Kitu kingine cha kuelewa mapema ni maneno mawili nitakayoyarudia. Mafuta yakizidi, pikipiki inakuwa nzito, inatoa moshi mweusi, plagi inapata masizi meusi makavu, na harufu ya petroli inasikika nyuma. Hewa ikizidi, injini inapata joto kali, inakohoa ikivutwa ghafla, inapiga milipuko kwenye ekzosi ukiachia akseleta, na plagi inakuwa nyeupe. Mafuta yakizidi unapoteza hela. Hewa ikizidi sana unapoteza pistoni, kwa hiyo ukibaki na shaka kati ya hizo mbili, egemea upande wa mafuta kidogo.

Kabla ya kugusa kabureta

Hapa ndipo penye majibu mengi, na ndipo watu hupapita. Nikiambiwa kabureta imekufa, kwanza naangalia vitu ambavyo si kabureta.

Anza na tapeti, yaani uchezaji wa valvu. Valvu zikiwa zimebana, pikipiki inakuwa ngumu kuwaka asubuhi na sailensi inapanda na kushuka yenyewe, dalili ambazo kila mtu huzisingizia kabureta. Injini iwe ya baridi kabisa, bora asubuhi kabla haijawashwa. Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, fungua kava la juu, zungusha injini mpaka alama ya T kwenye sumaku ilingane na alama ya kwenye kava, na hakikisha valvu zote mbili zina uchezaji. Zikiwa zimebanwa, uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha raundi moja zaidi. Pitisha fila, lile bamba jembamba la kupimia nafasi, ya milimita 0.08: iteleze kwa kubana kidogo. Kipimo hicho ni kwa valvu zote mbili za CG, labda kitabu cha pikipiki yako kiseme vingine. Usikubali tapeti ya kusikiliza kwa sikio.

Plagi ukishaitoa, itazame. Rangi ya kahawia ya mchanga mkavu ni njema. Nyeusi yenye unyevu wa oili haihusiani na kabureta. Hiyo ni pete au sili za valvu zimechoka, na hata ukinunua kabureta mpya itabaki vilevile. Nafasi ya moto iwe milimita 0.6 hadi 0.7. Kama plagi imekaa muda mrefu, weka mpya sasa hivi, kwa sababu huko mbele utaitumia kusoma rangi, na plagi ya zamani inakudanganya.

Kichujio cha hewa kikiziba, mafuta yanazidi kwa sababu hewa haifiki. Cha sponji kifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikamue bila kukisokota, kikaushe kivulini, kisha kipake oili kidogo na kukikamua tena. Cha karatasi kipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na kikichakaa kibadilishwe. Kuna madereva wanaokitoa kabisa wakisema pikipiki inavuta vizuri zaidi. Inaweza kuonekana hivyo kwa wiki chache, lakini hewa inazidi, na vumbi la barabara ya vijijini linaingia kwenye silinda moja kwa moja. Kurekebisha kabureta ya pikipiki isiyo na kichujio ni kazi bure.

Halafu tafuta mahali hewa inapoibwa. Kati ya kabureta na injini kuna kipande cheusi cha kuzuia joto, gasketi na oringi. Kikipasuka au kikilegea, hewa isiyopita kwenye kabureta inaingia, na hakuna skrubu itakayoirekebisha. Washa injini, acha ingurume, kisha nyunyiza maji ya sabuni kidogo kwenye maungio hayo. Mngurumo ukibadilika ghafla, umepata tundu. Wengine hutumia petroli kwa kipimo hiki. Injini ni ya moto na cheche ziko karibu, usifanye hivyo.

Waya wa akseleta uwe na uchezaji wa milimita chache kabla haujaanza kuvuta, na mkono urudi wenyewe ukiuachia. Geuza usukani kushoto na kulia injini ikiwa inanguruma. Sauti ikipanda, waya umebanwa mahali.

Mwisho ni petroli yenyewe. Mafuta ya chupa ya barabarani unaweza kukuta yamechanganywa na mafuta ya taa, au yamekaa juani muda mrefu, au yana maji. EWURA, mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, kwa sababu ya uchakachuaji wa namna hii. Mwaga mafuta ya kikombe cha chini ya kabureta kwenye chupa angavu na uyaache yatulie: maji yatakaa chini. Ukiyakuta, safisha tenki na kichujio cha koki ya kufungia mafuta kwanza.

Haya yote yakiwa sawa na tatizo bado lipo, sasa chukua spana.

Kuishusha

Fanyia kazi nje au mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, injini ikiwa imepoa. Utahitaji spana ya 10, bisibisi bapa na ya nyota zenye ncha nzima, plaisi, sahani pana nyeupe ya kuwekea vitu vidogo, na simu ya kupigia picha kila hatua.

Funga koki. Legeza skrubu ya chini ya kikombe na umwage mafuta kwenye chombo. Toa mpira wa mafuta. Fungua kwa mkono kofia ya juu ya kabureta na uivute taratibu. Slaidi na sindano vitatoka vikining'inia kwenye waya. Vifunge pembeni kwa kamba visije vikagonga chuma, kwani sindano ikipinda haifai tena. Legeza klempu ya mpira wa boksi la hewa, fungua nati mbili za upande wa injini, na kabureta itatoka.

Kabla hujafungua chochote zaidi, tafuta skrubu mbili za nje. Kubwa, mara nyingi yenye springi nene na kichwa kinachoshikika, ni ya kupandisha na kushusha sailensi. Inasukuma slaidi juu, haigusi mafuta. Ndogo ya shaba ni ya mchanganyiko. Chukua bisibisi, izungushe ndogo kuingia ndani taratibu huku ukihesabu nusu mizunguko, mpaka iguse chini. Iguse tu. Ukiikaza, ncha yake itaharibika na tundu inamokaa litapanuka, na hapo kabureta imekwisha. Andika hesabu hiyo mahali. Ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani.

Sasa itoe kabisa. Ikiwa ina springi, washa (kiringi bapa cha chuma) na kioringi kidogo, na imekaa upande wa injini, hiyo inapima mafuta: kuifungua kunaongeza mafuta. Ikiwa ina springi peke yake na imekaa upande wa boksi la hewa, inapima hewa: kuifungua kunapunguza mafuta. Kabureta za nakala zipo za aina zote mbili, kwa hiyo usimwamini mtu anayekwambia "fungua ndiyo mafuta yanaongezeka" bila kuiona yako.

Kusafisha

Fungua kikombe. Vuta pini ya boya, toa boya pamoja na kisindano chake. Katikati kuna jeti kubwa iliyokaa kwenye kijiti cha shaba. Pembeni, ndani ya tundu refu, kuna jeti ndogo. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa jeti, la sivyo utaung'oa. Kwenye baadhi ya kabureta za bei nafuu jeti ndogo imepigiliwa moja kwa moja na haifunguki. Usiilazimishe, ipulize ikiwa mahali pake.

Soma namba zilizoandikwa kwenye jeti na uziandike. Kwenye PZ27 jeti kubwa mara nyingi huwa karibu na 100, yaani tundu la kama milimita 1, na ndogo iko kwenye thelathini na kitu. Zikiwa mbali sana na hapo, kuna mtu amezibadilisha kabla yako.

Inyanyue kila jeti uitazame dhidi ya mwanga wa jua. Lazima uone duara safi. Tundu la jeti ndogo ni dogo kiasi kwamba utando wa petroli iliyokauka unatosha kuliziba nusu, na hapo pikipiki haishiki sailensi bila choki. Piga dawa ya kusafishia kabureta, acha dakika chache, kisha puliza kwa upepo. Kama huna kompresa, fundi pancha anayo. Kilichogoma kisukume kwa uzi wa kuvulia samaki au unyuzi mmoja wa waya laini wa shaba. Waya wa chuma, sindano ya kushonea na pini haviruhusiwi: vinapanua tundu, na namba iliyoandikwa kwenye jeti inakuwa uongo. Ndiyo maana pikipiki nyingi "zilizosafishwa" huanza kunywa mafuta wiki ileile.

Puliza pia matundu ya mwili wa kabureta: la skrubu ya mchanganyiko na yale madogo yaliyo kwenye koo la kupitishia hewa, karibu na ukingo wa slaidi. Upepo ukiingia huku lazima utokee kule. Mipira, boya la plastiki na oringi visiloweshwe kwenye dawa.

Boya na kisindano chake

Boya ndilo linaloamua kimo cha mafuta kwenye kikombe, na kimo hicho kinaathiri zamu zote tatu kwa pamoja. Pikipiki ikiwa na mafuta yaliyozidi kila mahali, kuanzia sailensi mpaka mwisho wa mkono, shuku boya kabla ya jeti.

Litikise boya sikioni. Ukisikia mafuta ndani, limetoboka, nunua jingine. Angalia ncha ya kisindano: ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, hakizibi tena. Kisindano kibovu kinamwaga mafuta kwenye mpira wa chini, na ukilala koki ikiwa wazi, petroli inaweza kupita mpaka kwenye silinda na kuchanganyika na oili. Nusa kijiti cha oili. Ikinuka petroli au kimo kimepanda chenyewe, mwaga oili hiyo kabla hujawasha injini, maana oili iliyochujuka inaua vyuma kimyakimya. Kufunga koki kila unapopaki kwa muda mrefu ni tabia nzuri hata kisindano kikiwa kizima.

Kupima kimo, rudisha boya, kikombe na mpira wa mafuta, chomeka mpira angavu kwenye kitundu cha kumwagia, upandishe ubavuni mwa kabureta iliyosimama wima, fungua koki, kisha legeza skrubu ya kumwagia. Mafuta yatasimama kwenye mpira kwa kimo kilekile cha ndani. Yanatakiwa yawe chini kidogo ya mstari ambapo kikombe kinaungana na mwili. Yakipita mstari huo, kunja ulimi mdogo wa boya kidogo sana ili lifunge mapema. Yakiwa chini mno, kinyume chake. Boya la plastiki lisilo na ulimi wa chuma halirekebishwi, linabadilishwa.

Kurudisha

Sindano ina mifereji kwenye kichwa chake, mara nyingi mitano, na klipu ndogo imekaa kwenye mmoja. Kama hujui ilikuwa wapi kiwandani, iweke katikati. Kwenye baadhi ya pikipiki sindano ina mfereji mmoja tu, hivyo hakuna cha kuchagua.

Slaidi ina upande mmoja uliokatwa chini kwa mshazari: huo unatazama boksi la hewa. Ina pia mfereji wa ubavuni unaopita kwenye pini ya ndani. Ikiingia kinyume, pikipiki ikiwaka itapiga resi mpaka juu bila kuguswa. Isukume taratibu mpaka isikike imeingia, vuta na uachie akseleta mara kadhaa. Lazima igonge chini kwa sauti kavu kila ukiachia. Hakikisha hivi kabla ya kuwasha, si baada.

Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwenye hesabu yako. Kama hesabu hiyo haikuwa ya kuaminika, ianzishe kwenye mzunguko mmoja na nusu kutoka chini. Kaza nati mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, uso wa kabureta unapinda na hewa itaibwa hapo.

Kutafuta sailensi

Endesha pikipiki kama dakika kumi. Kuitega sailensi injini ikiwa ya baridi ni kujidanganya, kwa sababu ikipata moto kila kitu kinabadilika. Choki iwe imefunguliwa kabisa, yaani isizuie hewa.

Isimamishe kwa stendi kubwa. Pandisha sailensi kidogo kuliko kawaida kwa skrubu kubwa, ili usikie mabadiliko. Sasa zungusha skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko kuelekea upande mmoja na usubiri sekunde chache. Injini haijibu papo hapo. Ikipanda, endelea robo nyingine. Ikianza kushuka au kutetemeka, rudi, kisha jaribu upande wa pili. Unatafuta mahali ambapo mngurumo uko juu zaidi na laini zaidi kuliko pande zote mbili. Njia hii haijali kama skrubu yako ni ya hewa au ya mafuta. Sikio linapata jibu lilelile.

Ukishapapata, shusha sailensi kwa skrubu kubwa mpaka kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Pikipiki isiyo na mita ya mizunguko itegee kwa kusikia: ingurume bila kudunda, na isizime ukiwasha taa na kushika breki. Kisha rudia ile ndogo tena, kwa sababu kushusha sailensi kumesogeza mambo kidogo. Raundi mbili zinatosha kwa kawaida. Wapo wanaopenda sailensi ya chini sana ya kudundadunda, eti inapunguza ulaji. Inachopunguza ni mgandamizo wa oili inayopanda juu, na kuzimika kwenye makutano kunakula mafuta zaidi.

Jaribu sasa. Vuta ghafla. Ikisita au kukata kabla ya kupanda, hewa imezidi. Ikipanda kwa uvivu na kutoa moshi mweusi, mafuta yamezidi. Achia kutoka resi: mngurumo ukikawia kushuka, ukaelea juu kwa muda, hewa imezidi au inaibwa kwenye gasketi, ukishuka chini mno na kutaka kuzima kabla ya kujirudisha, mafuta yamezidi.

Kama sehemu nzuri umeipata skrubu ikiwa chini ya nusu mzunguko, au ikiwa imefunguka zaidi ya mizunguko mitatu, skrubu inajaribu kuficha kasoro ya jeti ndogo. Kwa skrubu ya mafuta, kufunguka sana maana yake jeti imeziba au ni ndogo mno. Kwa skrubu ya hewa ni kinyume. Rudi kaisafishe kabla ya kununua nyingine.

Sindano na jeti kubwa

Kwa pikipiki ambayo haijabadilishwa, sehemu hii mara nyingi haina kazi. Ipime tu.

Bandika utepe kwenye mkono wa akseleta na mwingine kwenye sehemu isiyozunguka, uweke alama za robo, nusu na robo tatu. Bila alama hizo, mtu anayedhani yuko nusu huwa yuko robo. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, ingiza gia ya tatu, shika nusu bila kusogeza mkono. Injini ivute kwa mfululizo. Ikipwaya na kukohoa, vuta choki kidogo sana: ikipata nguvu, ilikuwa na njaa ya mafuta; ikizidi kuwa mbaya, ilikuwa imeshiba au iko sawa. Kuongeza mafuta hapa, shusha klipu mfereji mmoja kuelekea ncha, sindano ipande. Kupunguza, pandisha klipu. Mfereji mmoja kwa wakati, kisha barabarani tena.

Jeti kubwa inapimwa akseleta ikiwa wazi kabisa. Ukiwa hapo, rudisha mkono kidogo: pikipiki ikijisukuma mbele kana kwamba umeongeza mafuta, jeti ni ndogo, hewa inazidi. Ikiwa ilikuwa inagugumia na kugoma kupanda, ni kubwa mno. Badilisha namba moja kwa wakati, usiruke kutoka 95 kwenda 110. Usomaji wa kweli wa plagi kwa zamu hii unataka uzime injini na kukamata klachi kwa pamoja ukiwa bado akseleta imefunguliwa, usimame, utoe plagi mpya uliyoifunga, na utazame chini kabisa ya kauri yake. Fanya hivyo mahali patupu au usifanye kabisa. Plagi ya pikipiki iliyorudi sailensi kutoka mjini inakusomea jeti ndogo tu.

Milima na pwani

Hewa hupungua uzito kwa takriban moja ya kumi kila unapopanda mita 1,000. Petroli haipungui kwa kiwango hicho, kwa hiyo pikipiki iliyotegwa Dar es Salaam ikipelekwa Arusha yenye mita 1,400 hivi, Mbeya yenye karibu 1,700, Nairobi yenye karibu 1,800 au Njombe inayokaribia 2,000, itakuwa na mafuta yaliyozidi. Sehemu ya nguvu iliyopotea ni hewa tu na hairudishiki kwa skrubu. Inayorudishika ni ule uzito na moshi mweusi: tega upya mchanganyiko wa sailensi ukishafika, na kama bado inagugumia katikati, pandisha klipu mfereji mmoja. Kwa anayeishi huko juu, jeti kubwa iliyo namba moja au mbili chini inafaa.

Safari ya kushuka ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Pikipiki iliyotegwa kwa ajili ya Makete, kwenye milima ya Njombe, ikishushwa mteremko wa Kitonga na kukimbizwa na mzigo mpaka Morogoro inakuwa na hewa iliyozidi kwenye joto la bondeni. Rudisha klipu na jeti kabla ya safari, hata kama asubuhi ile ya baridi itakuwa nzito kidogo.

Kupima ulaji, na wakati wa kununua nyingine

Jaza tenki mpaka alama unayoweza kuirudia, pikipiki ikiwa wima. Andika kilomita. Tembea siku zako za kawaida, jaza tena kituo kilekile mpaka alama ileile, gawa kilomita kwa lita ulizoweka. Pikipiki ya 125 iliyo nzima, isiyobeba mizigo mizito, hutoa karibu kilomita 40 kwa lita moja au zaidi. Iliyo chini sana ya hapo bado ina tatizo mahali, na breki zinazobana au mnyororo mkavu pia vimo kwenye orodha ya washukiwa. Kipimo cha "nimeweka ya elfu tano ikaisha mapema" hakikufikishi popote.

Kuna kabureta zisizorekebishika. Ingiza slaidi na uitikise mbele na nyuma: ikicheza sana mpaka inagonga, hewa inapita pembeni yake na sailensi haitatulia kamwe. Tazama tundu ambamo sindano inapanda na kushuka. Likiwa limeacha kuwa duara na kuwa kama yai, mafuta yatazidi katikati ya mkono kwa klipu yoyote utakayochagua. Nyuzi za skrubu ya mchanganyiko zikiwa zimeng'oka, hakuna cha kutega. Hapo nunua PZ mpya ya ukubwa uleule, usipandishe kutoka 26 kwenda 30 ukitegemea mbio, kwa sababu injini isiyobadilishwa haina uwezo wa kuvuta hewa ya koo kubwa kiasi hicho na itakuwa dhaifu huko chini unakoihitaji kila siku. Ukifika nayo nyumbani, ifungue kabla ya kuifunga kwenye pikipiki. Linganisha namba za jeti na zile ulizoandika kutoka kwenye ya zamani, puliza mabaki ya kiwandani, angalia klipu iko mfereji upi. Jeti za zamani zikiwa nzima na nyuzi zinaingiliana, zihamishie humo, kisha anza upya kutoka mzunguko mmoja na nusu.